Ramani ilivyonionyesha kwa nini Tengeru "hawalipi" na Ngaramtoni "wana adabu" (uzi mrefu)

Mchora Mistari (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu niache kazi ya mikopo. Leo mvua imenifungia ndani hapa Chuga (Arusha), kwa hiyo naushusha. Mwenye haraka apite, atarudi jioni.

Nilikuwa afisa mikopo. Taasisi siitaji na msinilazimishe. Kazi ni ile mnayoijua: unaunda vikundi, unakaa nao kwenye benchi siku ya marejesho, unahesabu noti zilizokunjwa mara nne, halafu unamfuata nyumbani ambaye hakuonekana. Eneo langu lilianzia Ngaramtoni kwenye barabara ya Namanga, likakatiza mjini, likapita Tengeru, likaishia Usa River kwenye barabara ya Moshi.

Ofisini kulikuwa na ramani kubwa ya karatasi ukutani, na bosi alikuwa na kalamu nyekundu. Kikundi kikichelewa mara tatu, mtaa wanakotoka unapakwa. Ukishapakwa, hakuna mkopo mpya hapo. Hata kama wewe umelipa miaka minne hujakosa hata wiki moja, anwani imekuponza. Upande wa mashariki kulikuwa na mtaa mmoja (nao siutaji, watu wanaishi pale) uliopakwa hadi karatasi ikachakaa. Upande wa Ngaramtoni kweupe. Maelezo ya bosi yalikuwa mafupi: wa huku wana adabu ya pesa, wa kule wakorofi.

Kwa aibu naandika kwamba mwaka mzima na mimi niliamini hivyo. Nilifika mahali pa kutafuta sababu kwenye makabila, zile porojo za Mmeru hivi, Mwarusha vile, Mchaga usimguse pesa yake. Mnazijua.

Kilichonitikisa ni mama mmoja wa nyanya. Jumanne moja alileta rejesho kamili, noti mpya mpya. Baadaye nikajua amezikopa Jumatatu jioni kwa wale wakopeshaji wa riba kali, kausha damu. Nikamuuliza, mama, kwa nini uchukue mkopo wa moto kulipa mkopo wa baridi? Akanijibu, "Mwanangu, Jumanne pesa yangu iko ndani ya tenga."

Siku ile niliisikia kama kisingizio tu. Nilisikia vingi.

Mchora Mistari

Naendelea.

Nikaamua kuchora mwenyewe. Kwa kila mteja aliyekubali, nilichukua nukta mbili kwa simu: anapolala na anapouzia. Nikaongeza na siku alizochelewa. Programu zote za bure: KoboToolbox ya kukusanyia kwenye simu, QGIS ya kuchorea kwenye kompyuta, na OpenStreetMap ndiyo iliyonipa barabara na vichochoro vya chini yake. Hiyo OpenStreetMap ilianzia Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaweza kuichora. Dar mnakumbuka Ramani Huria, vijana wa vyuo walivyotembea mitaa ya mafuriko kuchora mifereji na nyumba. Kwa kweli nusu ya ujasiri wangu nilipata pale.

Mchoro wa kwanza kabisa ulikuwa kichekesho. Niligeuza safu mbili za namba, latitudo ikakaa kwa longitudo. Wateja wangu wote wa Tengeru wakaibuka pwani ya kusini ya Hispania. Nikarekebisha, lakini nikasahau alama ya kutoa mbele ya namba ya kusini, wakahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Jaribio la tatu ndipo wakarudi nyumbani.

Ramani ya kwanza iliyokaa sawa niliipaka rangi kwa mtaa, kama bosi. Ikatoka vilevile kama ya ukutani. Mashariki nyekundu, magharibi nyeupe. Nikasema basi mzee ana haki.

Ya pili niliondoa mipaka ya mitaa, nikaacha nukta za nyumba tu. Wekundu ukatawanyika. Nyumba mbili zinazotazamana mlango kwa mlango, moja inalipa kama saa, nyingine inachelewa kila wiki. Hapo sikuona kitu, nikaifunga kompyuta siku kadhaa.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Nilivuta mstari kutoka kila nyumba hadi pale mtu anapouzia. Wakuu, ilikuwa kama mtu amewasha taa. Mistari myekundu karibu yote ilikimbilia sehemu moja: soko la Tengeru. Iliyokwenda Ngaramtoni ilikuwa safi, hata ile inayotoka kwenye mtaa wetu ule uliolaaniwa.

Sasa wekeni kalenda juu ya hiyo mistari. Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi. Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili. Mchuuzi anafunga mzigo siku moja kabla, ndiyo siku mfukoni hamna kitu na matenga yamejaa. Ofisi yetu ilipanga marejesho kwa kufuata pikipiki: Jumatatu tunaanza magharibi, Jumanne tunahamia mashariki, ili kubana mafuta. Kwa hiyo watu wa Ngaramtoni tuliwakuta asubuhi baada ya soko la Jumapili, pesa bado ina joto. Watu wa Tengeru tuliwakuta mkesha wa soko, mtaji wote uko kwenye nyanya na ndizi.

Ukorofi na adabu zilikuwa ratiba ya pikipiki.

chalii wa Sanawari

Siti ya mbele hapa. Mkuu hiyo ya Hispania nimecheka mpaka abiria kwenye haisi wamegeuka.

Dawati la Nyuma

Mleta mada, umeeleza vizuri lakini nikubane kidogo. Inawezekana walio Tengeru wanauza vitu vinavyooza na wa Ngaramtoni wanauza viazi na maharage. Nyanya haisubiri, gunia la maharage linasubiri. Kwa hiyo siku ya soko inaweza kuwa haihusiki kabisa. Ulijaribu kubadili siku?

Mchora Mistari

Nilijaribu kwa kikundi kimoja tu, na nilifanya kimyakimya. Niliwahamishia Alhamisi asubuhi, yaani baada ya soko la Jumatano. Kwa wiki nilizokaa nao, ucheleweshaji ulipungua hadi nikaanza kuchoka kukaa bila kazi kwenye benchi. Lakini wawili waliendelea kutolipa, na hao walikuwa matapeli tu. Ramani haikuwasafisha.

Kuhusu bidhaa umenipata. Sikuandika kila mtu anauza nini, niliandika anauzia wapi. Kikundi kimoja, msimu mmoja, na mkusanyaji ni mimi mwenyewe niliyetaka kuonekana sahihi. Siwezi kulitetea kama utafiti. Ofisini walipojua nilipewa barua ya onyo kwa kubadili ratiba bila kibali. Ilikuwa halali yao, ratiba haikuwa yangu.

Mwaka wa Tatu

Mkuu naomba kuuliza, mimi nasoma mipango miji. Darasani tulianzia kwa John Snow na kipindupindu cha London 1854. Huu mfano wako unaingia hapo?

Mchora Mistari

Dogo, Snow, yule daktari aliyechora vifo kwenye ramani akaviona vimezunguka bomba moja la maji, kila mtu anaanza naye, na bomba lake limeshatumika vya kutosha. Kwa mambo ya pesa na maisha nakushauri mtazame Charles Booth. Huyu alikuwa mfanyabiashara, kuanzia 1886 akaanza kuchunguza maisha ya watu wa London, kisha akaipaka rangi mtaa kwa mtaa kwa kipato. Nyeusi kwa aliowaita tabaka la chini kabisa, buluu kwa maskini, zambarau kwa mchanganyiko, pinki na nyekundu kwa wenye nafuu, njano kwa matajiri. Mwisho wa hesabu alisema asilimia 30.7 ya watu wa London walikuwa kwenye umaskini.

Lakini angalia alivyopata taarifa. Hakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza mshahara. Alitumia madaftari ya maofisa wa elimu waliokuwa wakifuatilia watoto wasiokwenda shule, watu waliokwisha kuzizoea familia zile. Kwetu ni kama kumkalisha balozi wa nyumba kumi ukamwambia, baba, nieleze kwa huyu kukoje. Unapata mengi sana, pamoja na chuki za balozi. Ile nyeusi Booth aliielezea kwa maneno ya tabia, wavivu, wahalifu nusunusu. Yaani umaskini na hukumu vimechanganywa kwenye kopo moja la rangi.

Na sasa njoo Marekani. Mwaka 1933 serikali yao iliunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba, kwa kifupi HOLC. Kati ya 1935 na 1940 likachora ramani za miji zaidi ya 200, kila eneo na daraja: A kijani, B buluu, C njano, D nyekundu. Daraja D lilibeba maeneo yaliyohesabiwa hatari kwa mkopo, na maeneo ya watu weusi yaliishia humo kwa wingi, hata yale yenye nyumba nzuri. Niliposoma habari hiyo niliiona kalamu ya bosi wangu. Hakuwa amewahi kusikia habari za HOLC, nina hakika. Mtu akipewa ramani, kalamu na hasara ya mwezi, atafika hapohapo bila kufundishwa.

Kibosho Juu

Naweka kambi. Mimi niko Moshi, na huku kwetu hiyo mistari yako iliyonyooka ingekudanganya mchana kweupe.

Mlima huu ni migongo na makorongo. Kutoka kwetu naona moshi wa jiko la shangazi yangu ng'ambo ya korongo. Ramani itasema ni mita mia kadhaa. Kwa gari unashuka chini kabisa hadi kwenye njia inayounganisha, unapanda mgongo mwingine, na kama ni masika unaacha gari katikati. Ndiyo maana watu wa mgongo mmoja wanaoana, wanasali na kuuziana wao kwa wao, na kijiji cha kuangaliana kinakuwa kama nchi nyingine. Ukipima umbali kwa rula utasema hawa ni majirani.

Halafu hiyo nukta ya nyumba unaiweka wapi? Mchaga ana kihamba juu kwenye migomba na kahawa, ana shamba la nyika chini anakolima mahindi, na pengine chumba cha kupanga Pasua au Majengo mjini. Uchumi wake uko sehemu tatu. Sensa inakuhesabu ulikolala usiku wa kuamkia siku yenyewe, na ya mwisho ilikuwa 23 Agosti 2022. Kilimanjaro ikapata watu 1,861,934. Wangeihesabu usiku wa kuamkia Krismasi, hata karatasi zingeisha.

chalii wa Sanawari

😂😂 Desemba Moshi foleni inaanzia Himo.

Mchora Mistari

Kibosho Juu, umenipa kitu. Nakiri nilitumia mistari iliyonyooka kwa sababu ya uvivu, na barabara ya Moshi ilinisamehe kwa kuwa karibu kila mtu anapita hiyohiyo. Mlimani unapima kwa muda wa kutembea au nauli. Nauli ni bora zaidi, kwa sababu dereva wa haisi keshapiga hesabu ya mlima, mashimo na abiria kabla yako.

Na hapo kwenye sensa pana jambo lingine linaloniuma. Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442 mwaka 2012, likafika 617,631 mwaka 2022. Kila mtu ananukuu hizo namba. Sasa Tengeru iko halmashauri ya Meru. Ngaramtoni iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Zote ziko nje ya Jiji. Ukichukua takwimu za Jiji kata kwa kata ukachora uchumi wa watu wa Jiji, umekata masoko mawili wanakochumia. Mpaka wa utawala ulichorwa kwa ajili ya kodi na kura, haujui mama wa Moshono anaamkia wapi saa kumi alfajiri.

Mpima Mstaafu

Vijana, hamjambo. Niongeze la ufundi. Mkichukua zile ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000 mkaziwekea nukta za simu juu, mtaona nyumba ziko mtoni. Msidhani simu ni mbovu. Ramani zile zilipimwa kwa msingi (yaani pa kuanzia kuhesabu namba za mahali) unaoitwa Arc 1960, simu inatumia msingi mwingine, WGS84. Tofauti kwa huku kwetu ni karibu mita 300. Kwenye programu yenu kuna mahali pa kubadili, badilisheni kwanza. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya kiwanja kwa sababu hiyo.

Mchora Mistari

Shikamoo mzee. Ahsante, hiyo ingenitia aibu siku moja.

Dawati la Nyuma

Mimi narudi kwenye ule mtaa mwekundu. Unasema rangi kwa mtaa ilikudanganya, lakini takwimu zenyewe zilikuwa za kweli, si ndiyo? Mtaa ule ulikuwa na wachelewaji wengi kweli.

Mchora Mistari

Ndiyo, kweli tupu. Kosa lilikuwa kushuka kutoka kwa mtaa kwenda kwa mtu. Kuna mfano mmoja naupenda kuliko yote. Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani, William Robinson, alichukua takwimu za sensa yao ya 1930. Akaangalia majimbo: yenye wahamiaji wengi kutoka nje ndiyo yaliyokuwa na watu wengi wanaojua kusoma. Ukiishia hapo utasema wahamiaji ni wasomi. Akashuka kwa mtu mmoja mmoja, akakuta kinyume, wahamiaji walikuwa nyuma kidogo. Walikuwa wamehamia tu kwenye majimbo ambako wenyeji wanajua kusoma. Jimbo lilisema lake, mtu akasema lake, na wote wawili walisema kweli.

Mtaa wetu ulikuwa hivyo. Uko karibu na barabara ya Moshi, kwa hiyo anayeuza Tengeru anapenda kupanga pale, nauli ni moja. Mtaa haukumfundisha mtu kuchelewa.

Sheria Mkononi

Samahani nipoze moto kidogo. Mkuu ulikuwa na nyumba za watu, biashara zao na madeni yao kwenye faili moja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Mteja alikubali umpige nukta ili taasisi impe mkopo au ili wewe uchore? Hayo ni makubaliano mawili. Na hiyo faili iko wapi sasa?

Mchora Mistari

Swali la haki. Niliwaeleza kwa mdomo kwamba nataka kujua kwa nini Jumanne ni nzito, wengi wakacheka wakasema chora. Karatasi ya kusaini sikuwa nayo, na leo nisingefanya hivyo. Majina niliyafuta nilipoondoka. Nukta za nyumba nilizisogeza huku na kule ili mtu asifike mlangoni kwa mtu. Ndiyo sababu hamjaona picha ya ramani kwenye uzi huu, na wanaoniomba inbox msichoke bure.

Mwaka wa Tatu

Mkuu kuna njia ya kukwepa hayo yote? Nimesikia watu wanatumia taa za usiku kutoka kwenye setilaiti.

Mchora Mistari

Zipo. Setilaiti ya Suomi NPP iko juu tangu 2011 na picha zake za usiku ni bure. Nchi nzima au mkoa, zinakupa picha nzuri ya wapi umeme na pesa vimejikusanya. Kwa mtaa hazifai, kipande kimoja cha picha kinameza mamia ya mita. Na huku kwetu loji moja ya watalii porini inawaka kuliko kijiji kizima kilicholala. Ukifuata mwanga utasema simba ndio matajiri.

Mama Matenga

Nimesoma yote kwa simu ya mwanangu. Mimi nauza Tengeru, siyo yule mama wako lakini tunafanana.

Kijana, umesahau sisi tunaozunguka. Jumatano niko Tengeru. Kilichobaki, Alhamisi nakipeleka Ngaramtoni kabla hakijalainika. Ijumaa nafunga mzigo. Jumamosi Tengeru tena, Jumapili Ngaramtoni. Jumanne nafunga mzigo wa Jumatano. Sasa niambie pesa yangu inapumzika lini? Jumatatu peke yake. Na Jumatatu yenyewe mpaka saa nne asubuhi, baada ya hapo watu wa ada ya shule na kikoba wameshafika. Hiyo Alhamisi yako uliyowahamishia wenzangu, mimi ungenikuta kwenye haisi na matenga juu.

Mchora Mistari

Mama, shikamoo.

Nimeifungua faili sasa hivi. Walikuwepo. Watu wenye mistari miwili, mmoja Tengeru, mwingine Ngaramtoni. Niliwatoa wote mwanzoni kwa sababu programu ilikuwa inataka mtu mmoja awe na sehemu moja ya biashara, nikawaandika "taarifa chafu". Nikiwaangalia sasa, karibu wote tuliwakuta Jumanne, na nusu yao ndio waliokuwa wamepakwa rangi kwanza kabisa.

Naomba nije Tengeru Jumatatu, unieleze mzunguko wote, na safari hii nikuandike kwa siku, siyo kwa mahali.

Mama Matenga

Jumatatu nafua. Njoo Jumanne jioni napopanga matenga. Ushike upande wa pili, tutaongea huku tunabeba.